Kabla ya kununua bunduki ya rangi, pima pumzi

Ikiwa una gari, hata liwe kuukuu namna gani, bila shaka unaijua ile siku. Unarudi nyumbani jioni, mvua inanyesha, lango la ploti ni jembamba, na mara unasikia bati likikwaruzwa. Unashuka na kutazama. Mlango wa nyuma una mkwaruzo mrefu kama mkono wako, na madigadi imechubuka hadi chuma kinaonekana.

Siku hiyo ilinifikia mimi pia. Gari letu ni Toyota nyeupe, moja ya yale magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa huku kwetu. Gereji niliyoiendea kwanza walinitajia bei ambayo sitaiandika hapa. Itoshe kusema kwamba nilipomweleza mama watoto, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na karo je?"

Nikaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Nilijiambia kwamba wanaofanya kazi ya rangi ni watu kama mimi, wana mikono miwili na macho mawili. Nitanunua bunduki ya kupulizia rangi, nitanunua kompresa ndogo, na hata baada ya gari kupona nitabaki na vyombo vyangu. Fikira hiyo haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa katika namna nilivyoitekeleza, na ndiyo sababu ninakuandikia leo, ili kama nawe umepatwa na wazo kama hilo, uanze pale nilipomalizia.

Dukani nilikuta bunduki za kila aina zimetundikwa ukutani. Mimi nilichagua kwa macho. Niliichukua iliyong'aa zaidi, yenye kikombe kikubwa juu na nozeli ya milimita 1.7, kwa kuwa muuzaji alisema tundu kubwa humaliza kazi upesi. Kisha nikachukua kompresa iliyokuwa na bei nafuu kuliko zote, yenye tangi la lita 24. Nilipouliza rangi, nikapewa ile ya mikebe miwili, rangi yenyewe na hadena yake. "Hii ndiyo inadumu," nikaambiwa. Sikuuliza neno zaidi. Nikalipa na kwenda zangu.

Jumamosi iliyofuata nilipiga msasa, nikafunika vioo kwa magazeti, nikafunga kitambaa puani na kuanza kupuliza papo hapo uani, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha watoto. Kwa muda mfupi kila kitu kilikwenda sawa. Rangi ilitoka laini, nami nikaanza kujiita fundi. Lakini kabla dakika moja haijatimia, bunduki ilianza kukohoa. Badala ya ukungu ikawa inatema matone. Nikasimama na kungoja kompresa ingurume na kujaza tangi, nikaendelea, ikakohoa tena. Nilipomaliza, mlango wote ulikuwa umetoka vipele kama ganda la chungwa, na chini ya kitasa rangi ilikuwa imetiririka kama machozi.

Hayo ya mlango yalikuwa madogo. Usiku ule binti yetu, ambaye ana pumu, alibanwa na kifua kuliko tulivyowahi kumwona. Dawa yake ya kuvuta haikumtuliza, na saa nane za usiku tulikuwa hospitalini. Daktari aliuliza kama kulikuwa na moshi au dawa yoyote iliyopulizwa nyumbani. Mama watoto alinitazama, nami nikatazama vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa vyeupe kwa rangi.

Mtoto alipata nafuu, namshukuru Mungu. Lakini sikuigusa bunduki ile kwa wiki kadhaa, hadi jirani mmoja aliponielekeza kwa mzee mmoja fundi karibu na Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wa Nairobi bado wanaiita Grogan. Nilimpelekea bunduki yangu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, nikidhani ataniambia imeharibika. Mzee aliigeuzageuza mkononi, akavuta kiwambo chake, akachungulia tunduni, kisha akanirudishia.

"Kijana wangu, bunduki hii haina makosa," akasema. "Kompresa yako inatoa pumzi kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ukubwa wa tangi.

"Tangi ni mfuko tu wa kuwekea," akasema. "Mimi nauliza pumzi."

Hebu nikueleze alivyonieleza, kwa maana hapo ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Bunduki ya rangi haifanyi kazi kwa nguvu zake yenyewe. Kazi yote hufanywa na hewa inayoipasua rangi kuwa ukungu. Kila bunduki ina kiasi cha hewa inachohitaji kwa dakika, na kiasi hicho huandikwa kwenye sanduku au karatasi yake. Wengine huandika kwa lita, wengine kwa futi za ujazo, ambazo mafundi huziita CFM. Futi moja ya ujazo ni kama lita 28. Bunduki kubwa za kisasa ziitwazo HVLP, yaani zile zinazotumia hewa nyingi kwa msukumo mdogo, nyingi huhitaji kati ya lita 280 na 400 kwa dakika. Yangu ilikuwa mojawapo ya hizo, na ilitaka lita 300.

Kompresa yangu je? Ilikuwa imeandikwa lita 200. Lakini mzee alinionya kwamba tarakimu hiyo kwa kawaida ni ya hewa inayovutwa na mashine. Inayotoka upande wa pili hupungua kwa theluthi moja au zaidi. Kwa hivyo mimi nilikuwa na kama lita 120 za kulisha bunduki yenye njaa ya lita 300. Tangi la lita 24 likijaa vizuri, linaweza kuziba pengo hilo kwa muda usiotimia dakika moja. Baada ya hapo hewa inapungua, rangi haipasuki tena, na matone yanatua kwenye bati yalivyo. Kumbe kule kukohoa kulikuwa ni njaa.

Basi msomaji, ukienda dukani usianze na bunduki. Anza na kompresa uliyo nayo, au utakayoazimwa, au ambayo mfuko wako unaiweza. Ijue pumzi yake, kisha utafute bunduki inayoenea humo na kubakisha kidogo. Kama kompresa yako ni ndogo kama yangu, bunduki inayokufaa ni ile ndogo ambayo mafundi huitumia kwa viraka. Kikombe chake hubeba kama mililita 125 hadi 250, tundu lake ni la milimita 0.8 hadi 1.0, na nyingi hutosheka na lita 100 hadi 140 kwa dakika. Haiwezi kupaka gari zima kwa siku moja. Lakini wewe una madigadi moja, au kona ya mlango. Gari zima unalitakia nini?

Kuna pia aina iitwayo LVLP, inayotumia hewa kidogo kwa msukumo mdogo. Hiyo huwafaa wenye kompresa ya wastani. Nazo zile za zamani, zenye chupa ya lita moja inayoning'inia chini, bado utaziona kila mahali katika jua kali. Ni imara, lakini hupuliza kwa msukumo mkubwa, na sehemu kubwa ya rangi uliyoinunua huruka hewani badala ya kukaa kwenye bati. Za kikombe cha juu huteremsha rangi kwa uzito wake yenyewe, hivyo haziachi nyingi ndani na hazihitaji kuvuta sana. Kwa mtu anayenunua rangi ya kupimiwa kidogo kidogo, hilo ni jambo la maana.

Ukubwa wa tundu nao una sababu. Rangi ya juu na ile klia ya kung'arisha hupita vizuri kwenye tundu la milimita 1.3 au 1.4 kwa bunduki ya kawaida. Praima ni nzito, huhitaji 1.6 hadi 2.0. Ile 1.7 yangu ilikuwa ya praima, nami nikaitumia kwa rangi ya mwisho. Kama unataka bunduki moja tu ya kawaida, tafuta ya 1.4, nayo praima uifanye nyepesi kidogo kwa thina kulingana na maagizo ya mkebe.

Jihadhari pia na zile bunduki za umeme zisizo na kompresa ambazo siku hizi huuzwa kwa bei ya kuvutia. Nyingi zimetengenezwa kwa kuta, malango na ua wa mbao. Matone yake ni makubwa mno kwa gari. Ukuta hausemi kitu ukiwa na vipele, lakini mlango wa gari husema, hasa jua likiupiga.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuwekee maji ndani na akuunganishie hewa. Puliza kwenye kipande cha boksi. Alama nzuri ni ndefu na nyembamba kama yai lililovutwa, na imeenea sawasawa kutoka juu hadi chini. Ikijipinda kama mwezi mchanga, kuna tundu la pembeni lililoziba au lililotobolewa vibaya. Ikigawanyika kama tarakimu ya 8, hewa imezidi. Ikijaa katikati tu, hewa ni chache au kilichomo ni kizito. Kisha achia kiwambo uangalie: je, maji yanaendelea kudondoka? Kama yanadondoka, sindano haikai vizuri. Irudishe ukutani. Na uulize kama sindano na nozeli zake zinauzwa peke yake, maana siku moja utazihitaji.

Baada ya kunifundisha hayo, mzee aliinuka kwenda kuchukua chai kibandani, hatua kumi hivi kutoka pale. Aliporudi alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Akaketi, akanyamaza hadi kifua kikatulia.

"Miaka thelathini," akasema. "Kitambaa puani, kama wewe. Sasa sipulizi tena. Nikiukaribia ule wa mikebe miwili hata kidogo, siku hiyo silali."

Sikuwa nimemweleza habari za binti yangu. Nikamweleza. Mzee akatikisa kichwa, na hapo ndipo nilipojifunza pumzi ya pili.

Ile rangi ya mikebe miwili, ambayo mafundi huiita tu-kei, hukauka kwa nguvu ya hadena. Katika hadena nyingi za magari mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikishachanganywa na kupulizwa, ukungu wake huingia mapafuni na unaweza kumletea pumu mtu ambaye hakuwa nayo. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishazikataa mara moja, basi hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kukubana kifua, pengine maisha yako yote. Isitoshe, pua haiwezi kukulinda, kwa maana zinaweza kuwa hewani kwa kiasi cha kudhuru bila wewe kunusa lolote. Hata ukungu wenyewe, ukishaenea, macho hayauoni. Unadhani hewa imesafika, kumbe bado.

Nchini Uingereza wakaguzi wa usalama kazini husisitiza kwamba anayepuliza rangi hiyo avae kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, afanye kazi katika chumba maalumu chenye feni za kuvuta hewa, na asifunue uso hadi chumba kisafike. Barakoa ya karatasi haifai, na kitambaa ni sawa na kutovaa kitu. Hapa kwetu Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, inayomtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Lakini mkaguzi haji uani kwako Jumamosi. Huko nyumbani mkaguzi ni wewe, na wanaovuta hewa yako ni watoto wako na wa jirani.

Historia ya chombo hiki ina jambo la kushangaza. Mwaka wa 1888, katika mji wa Toledo jimboni Ohio, Marekani, daktari aitwaye Allen DeVilbiss alianzisha kampuni ya kutengeneza chombo kidogo cha kupuliza dawa kooni mwa wagonjwa. Mapema katika karne iliyofuata mwanawe, Thomas, aliichukua kanuni hiyo hiyo ya hewa kupasua maji kuwa ukungu, akaitumia kwa rangi, na jina lao hadi leo lipo kwenye bunduki za rangi. Chombo kilichozaliwa kutibu koo ndicho kilichomnyima yule mzee usingizi.

Basi nilifanyaje? Kwanza, ile bunduki kubwa nilimuuzia kijana mwenye kompresa inayoiweza. Fedha hizo zilitosha kununua ndogo, yenye tundu la milimita 1.0, na mfuniko wa kunasa maji ya hewani. Usiupuuze mfuniko huo. Hewa ikibanwa hutoa maji, hasa msimu wa mvua, na maji hayo yakifika kwenye rangi huacha madoa. Tangi nalo lina kizibo chini, lifungue ulitoe maji kila baada ya kazi.

Pili, niliiacha rangi ya mikebe miwili. Nilichukua rangi ya NC, ile ya zamani inayokauka kwa thina kuruka hewani. Haina hadena. Haidumu kama ile nyingine na hung'ara tu baada ya kusuguliwa kwa dawa ya kung'arishia, lakini kwa kiraka cha gari kuukuu inatosha. Wala usidhani kwamba haina madhara. Thina yake huumiza kichwa na kifua, na hushika moto upesi. Kwa hivyo nilivaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya makaa kwa ajili ya thina, nikalipeleka gari kwenye uwanja wazi wa rafiki yangu, mbali na nyumba, mbali na jiko na sigara. Watoto niliwapeleka kwa shangazi yao siku nzima. Nguo za kazi nilizivua huko huko.

Tatu, niliitafuta namba ya rangi. Kwenye magari mengi ipo katika kibati kilicho chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Yetu ni 040, nyeupe isiyo na chembe za kumeta. Hapo nilikuwa na bahati. Kama gari lako ni la fedha au lina chembe za kumeta, fahamu kwamba rangi ile ile, kutoka mkebe ule ule, hutokea nyeusi kidogo ukiipuliza ikiwa majimaji, na nyeupe kidogo ukiipuliza ikiwa kavu. Kiraka kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kazi hiyo mwachie fundi.

Nilishika bunduki umbali wa shubiri moja kutoka kwenye bati, nikaanza kupuliza kabla ya kufika ukingoni na kuachia baada ya kupita, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Makoti mepesi, na subira kati yake. Safari hii bunduki haikukohoa. Nilipomaliza niliiosha kwa thina papo hapo, kwa sababu bunduki ya bei rahisi iliyooshwa huishinda ya bei ghali iliyokaukiwa na rangi. Lakini usiilaze yote ndani ya thina usiku kucha, utaharibu vijipira vyake.

Ukiutazama mlango wetu leo kwa karibu utaona mahali nilipoungia. Mimi napaona kila siku. Mama watoto husema ni pazuri, labda kwa upole wake.

Kwa hivyo, msomaji, kama ni mikwaruzo ya mawe tu, nunua kichupa cha rangi chenye brashi na usijisumbue. Kama ni kiraka kidogo, pengine mkebe wa kupuliza kwa kidole utakutosha, nao pia uutumie nje, mbali na watoto. Kama ni madigadi moja au mbili kila mwaka, bunduki ndogo inayoendana na kompresa yako ni chombo kizuri. Na kama kazi inahitaji rangi ya mikebe miwili, mpelekee aliye na chumba na barakoa ya hewa, hata kama itabidi gari lingoje hadi karo ilipwe. Letu lilikaa na mkwaruzo miezi minne, na halikupungukiwa na kitu barabarani.

Siku nilipolirudisha nyumbani, binti yangu alitoka nje, akalizunguka, akapitisha kidole juu ya mlango. Kisha akasogeza pua karibu na kunusa.

"Baba," akaniuliza, "umeshamaliza kabisa?"

Nikamwambia nimemaliza. Alinitazama kidogo, kama anayepima ukweli wa neno hilo, kisha akaenda kufungua dirisha la chumba chake, ambalo mama yake alikuwa amelifunga tangu asubuhi.